Uzi: Kwa nini kengele za makanisa ya zamani vijijini zinatundikwa nje, mbali na kanisa?

#1 Kizingiti (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Swali langu linahusu makanisa ya kale ya vijijini yaliyojengwa enzi za misheni: ya Kilutheri kule Kilimanjaro, Pare na Usambara, ya Moravian kule Rungwe, hata ya Kianglikana ya Dodoma na Masasi. Utakuta kanisa la mawe, kuta nene, milango miwili, lakini kengele haimo ndani wala haiko juu ya paa. Iko uwanjani, hatua kumi au kumi na tano kutoka ukutani, imening'inia kwenye nguzo nne chini ya kijipaa cha bati.

Nimesikia majibu matatu na yote yanapingana. Moja, ukuta usingehimili. Mbili, hela ziliisha kabla ya mnara. Tatu, ndiyo desturi ya Wajerumani. Hilo la tatu silikubali, maana Ujerumani kwenyewe makanisa mengi ya vijijini yana mnara ulioshikana na jengo.

Siku hizi kamati za ujenzi zinapenda kusimamisha mnara wa tofali mbele ya kanisa na kuihamishia kengele humo, kwa hiyo jibu lina kazi. Karibuni.

#2 FundiPatasi
Jibu la kwanza ndilo lenyewe. Kengele inayobembea si mzigo uliotulia. Ukiivuta mpaka mdomo wake ufikie usawa wa gogo inaloning'inia, nguvu ya kusukuma pembeni hufikia uzito wa kengele yenyewe au kupita kidogo, na inayokandamiza chini hufika mara mbili na nusu hivi. Halafu inakwenda huku na huku, huku na huku. Ukuta wa mawe uliojengwa kwa udongo, si kwa chokaa wala saruji, hauna kinachoyashika mawe zaidi ya uzito wake wenyewe. Mtikiso wa namna hiyo unautoa udongo kwenye viungo kama unga. Waliojenga walilijua hilo.

#3 MzeeWaUsharika
Fundi umesema vizuri ila umeanzia katikati. Kengele ilitangulia kanisa! Misheni ilipofunguliwa, kitu cha kwanza ilikuwa kibanda, shamba na shule. Kengele ilikuwa ya kuamsha watu, kuwaita kazini, kuwaita darasani, na Jumapili ndiyo ibada. Ilikuwa kengele ya misheni, si ya kanisa. Kanisa la mawe lilikuja miaka kadhaa baadaye na likajengwa pale palipokuwa na nafasi. Kengele ikabaki ilipokuwa.

Angalieni Mombasa. Freretown ilianzishwa na CMS (Church Missionary Society, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza) mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa, na kengele yake iko kwenye tao lake yenyewe, nje kabisa. Kazi yake mojawapo ilikuwa kuwatahadharisha watu wakivamiwa. Mpaka leo mahali pale panaitwa Kengeleni. Huko Moshi nako, Waleipzig (wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani) walipofika wa kwanza, walianza hivyo hivyo.

#4 Ng'ombe_wa_Maskini
Nimevuta kigoda. Endeleeni.

#5 Msomi_wa_Kale
Mzee #3, shikamoo, ila sahihisho dogo. Waleipzig hawakuwa wa kwanza Moshi. CMS walikuwa Moshi kuanzia 1885, wakaondoka 1892 baada ya mivutano na serikali ya Kijerumani. Leipzig wakaingia 1893, na kituo chao cha kwanza kilikuwa Machame. Mamba ikafuata 1894, Old Moshi 1896.

Hoja yako ya kengele kutangulia naikubali kwa nusu. Inaeleza vituo vikuu. Haielezi makanisa ya mitaa, yale madogo yaliyojengwa baadaye na wenyeji wenyewe, ambako kengele ililetwa kanisa likiwa limeshasimama, na bado ikawekwa nje.

#6 MzeeWaUsharika
Marahaba. 1885 naipokea. Kuhusu mitaa: mtoto humwiga mzazi. Kituo kikuu kiliweka nje, mtaa ukaiga.

#7 Makuti
Mnasahau paa. Makanisa mengi ya mwanzo yaliezekwa nyasi au migomba, mabati yalikuja baadaye. Paa la nyasi linahitaji mwinamo mkali, nyuzi 45 au zaidi, ili maji yasizame ndani. Kilele kinakuwa juu sana, na kenchi zake ni miti ya mviringo iliyofungwa kwa kamba. Utaitundika wapi kengele ya kilo mia na kitu? Ukikata nafasi kileleni umefungulia mvua mlango. Kwa hiyo ikakaa nje. Mabati yalipokuja hakuna aliyeona sababu ya kuihamisha.

#8 Bolti_Nati
Hakuna aliyeuliza kengele zenyewe ni za nini. Nyingi za misheni ya Kijerumani si shaba, ni chuma cha pua kilichosubiwa. Kiwanda kilichojulikana zaidi ni Bochumer Verein cha mji wa Bochum, walizionyesha kengele hizo kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1855. Tafuta jina na mwaka kwa herufi zilizoinuka kwenye bega au kiunoni.

Namna ya kujua bila kupanda na msumeno: chukua sumaku ya spika bovu. Ikinata, ni chuma. Isiponata, ni shaba iliyochanganywa na bati, yaani shaba asilimia 78 hadi 80 na bati linalobaki.

Sasa kwa nini hili lina uzito: ili kutoa noti ileile, kengele ya chuma huwa na mwili mkubwa kuliko ya shaba. Bei ilikuwa chini sana, ndiyo maana misheni zilizipenda, lakini ilihitaji nafasi. Kijumba kidogo cha juu ya paa kisingeitosha. Hiyo ndiyo sababu yangu: kengele ya bei rahisi, umbo kubwa, nje.

#9 Ng'ombe_wa_Maskini
Kwa hiyo kengele ya shaba ina bati ndani? Wezi wa mabati wasisikie 😂

#10 Bolti_Nati
Bati la kemia, mkuu, si la kuezekea. La kuezekea ni chuma kilichopakwa zinki. Kiswahili kimeviita vyote jina moja, utafanyaje.

#11 Msomi_wa_Kale
@Bolti_Nati usije ukawafanya watu waamini kila kengele ya chuma ni ya Kijerumani. Sheffield, Uingereza, Naylor Vickers walisubu kengele za chuma cha pua kwa hataza (haki ya uvumbuzi) ya Riepe tangu mwishoni mwa miaka ya 1850, na jina la Riepe huandikwa kwenye kengele yenyewe. Ukiikuta upande wa Waanglikana usishangae. Na baada ya Vita vya Kwanza, Waamerika wa Augustana (sinodi ya Kilutheri) waliposhika kazi ya Leipzig Kilimanjaro katika miaka ya 1920, kengele za Marekani nazo zingeweza kuingia: zile za C. S. Bell wa Hillsboro, Ohio, ambazo jina na namba vimesubiwa kwenye gogo la chuma, si kwenye mwili. Kabla ya kuandika kwenye kibao cha kumbukumbu kwamba "ililetwa na Wajerumani 1896", panda ukasome.

#12 BintiWaRungwe
Sababu ya upande wetu hamjaigusa: matetemeko. Ukanda wa Bonde la Ufa kuanzia Rukwa hadi Ziwa Nyasa unatikisika. Tarehe 13 Desemba 1910 lilipiga tetemeko la Rukwa lenye ukubwa wa 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika. Wamoravian walikuwa Rungwe tangu 1891 na Waberlin (Walutheri wa misheni ya Berlin) walikuwa jirani zao mwaka huohuo. Mtu anayejenga kwenye ardhi ya namna ile haweki kilo mia mbili za chuma juu ya vichwa vya watoto wa Shule ya Jumapili. Mnara mrefu mwembamba ulioshikana na jengo pana ndio unaopasuka kwanza, kwa sababu kila kimoja kinayumba kwa mwendo wake na vinagongana pale vinapokutana.

#13 Kizingiti (mleta uzi)
Hii ya tetemeko ni mpya kwangu. Lakini Usambara na Masasi je?

#14 BintiWaRungwe
Nimesema "upande wetu". Sijasema Masasi.

#15 Sauti_ya_Nyikani
Ninyi wote mnaongelea ukuta na paa. Kengele ni chombo cha sauti. Ikiwa chini ya kilele cha paa, paa linaikinga upande mmoja, na kijiji cha upande ule husikia nusu. Makanisa ya milimani yamejengwa kwenye kitako tambarare, lakini watu wanakaa mabondeni. Kengele inasogezwa mpaka kwenye ukingo wa mteremko, inakotazama vijiji. Pima: mara nyingi nguzo za kengele ziko upande wa bonde lenye watu wengi, hata kama huo si upande wa mlango mkuu.

Na hao wanaotaka mnara mpya wa tofali: wakiziba pande zote na kuacha vijitundu vya urembo, sauti itabaki humo humo inamsumbua mpiga kengele. Madirisha yake yawe makubwa, pande nne, yenye mbao zilizolala kwa mshazari ili mvua isiingie.

#16 FundiPatasi
Sauti, sawa. Lakini hayo ya sauti na hayo ya ukuta hayagombani.

#17 Chokaa
Yanagombana na hesabu, Fundi. Kengele ya shaba yenye kipenyo cha sentimita 60 ina kilo 130 hivi. Ukuta wa mawe wa unene wa sentimita 50 una zaidi ya tani moja kwa kila mita ya mraba. Kilo 130, hata uzizidishe mara mbili na nusu, hazing'oi ukuta huo. Ukuta wa mawe na udongo unaharibiwa na maji.

Na anayeyaingiza maji ni sisi. Tazameni makanisa "yaliyokarabatiwa": lipu ya saruji nje, rangi ya mafuta juu yake, sakafu ya zege ndani. Zamani ukuta ulipakwa chokaa, unyevu ukipanda kutoka ardhini ulitoka kupitia kwenye uso. Saruji imeziba. Unyevu unapanda mpaka mita moja na nusu, unakaa ndani, udongo wa viungo unalainika kuwa uji, chumvi inasukuma lipu inavimba kama mandazi. Gonga kwa kifundo cha kidole: ikilia "puh" imeshaachana na ukuta. Baadaye ufa unatokea juu ya mlango na kamati inasema "kengele imetikisa jengo".

Dawa: bandua saruji kwa patasi na nyundo ndogo, si kwa mashine, anzia chini. Acha ukuta ukauke msimu mzima wa kiangazi. Jaza viungo kwa chokaa moja kwa mchanga tatu, mchanga wa mto uliochekechwa usio na udongo. Chokaa izimwe kwa maji na ikae wiki kadhaa kabla ya kutumika, ikiwa bado ina punje hai italipuka ukutani vijishimo vijishimo. Paka mikono miwili myembamba, kila mmoja usizidi sentimita moja, na uunyweshe ukuta maji kwanza. Mfereji wa maji ya paa uende mbali, angalau mita moja na nusu kutoka kwenye msingi.

#18 FundiPatasi
Haya ya unyevu hayana ubishi. Ila mkono wa pili wa chokaa hausubiri siku moja kama saruji, usubiri ule wa kwanza uanze kuwa mgumu, siku kadhaa, na jua kali lifunikwe kwa magunia yenye maji. Wengi hukosea hapo kisha wanasema chokaa haifai.

Kuhusu uzito, umepiga hesabu ya mzigo, hukupiga hesabu ya mtikiso unaorudiwa kila Jumapili kwa miaka mia. Bado nipo palepale.

#19 Bolti_Nati
Kwa wanaotaka kuhamisha, kabla ya kugusa chochote kagueni hivi.

Kwanza bolti. Kengele haianguki kwa sababu ya kengele, inaanguka kwa sababu ya bolti zinazoishikilia kwenye gogo. Kutu inakula pale bolti inapopita ndani ya mbao, usipopaona. Kwa nje ina unene wa milimita 16, ndani imebaki kama penseli. Itoe moja moja huku kengele imeegemezwa kwa mbao kutoka chini. Usilegeze zote kwa pamoja.

Pili, gogo lenyewe. Choma kwa bisibisi pande zote mbili za bolti. Ikizama zaidi ya sentimita moja bila kutumia nguvu, gogo limeoza au mchwa wamo.

Tatu, ufa. Igonge taratibu kwa nyundo ya mti kuzunguka mdomo wote, sentimita kumi kumi. Sauti ikikwaruza mahali, hapo pana jambo. Safisha, paka mafuta ya taa, subiri robo saa, futa kabisa kwa kitambaa kikavu, kisha paka chaki ya unga iliyokorogwa kwa maji. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha yatachora mstari mweusi kwenye chaki. Ukiuona, acha kupiga siku hiyohiyo. Kengele ya shaba yenye ufa ukiichomelea kwa mashine ya gereji umeiua, inataka ipashwe moto mwili mzima na mtu anayeijua kazi hiyo.

Nne, ulimi. Uwe wa chuma laini kuliko kengele na ugonge pale mdomo ulipo mnene kabisa. Nimeona ulimi umebadilishwa na kipande cha nondo, na mwingine kichwa cha nyundo ya kuvunjia mawe. Hivyo vinakata mdomo. Kama mahali panapogongwa pameshachimbika, igeuze kengele robo mzunguko, ulimi upate uso mpya.

Ikishushwa, iteremshwe kwa puli na kukalishwa juu ya matairi. Kamwe usiukalishe mdomo kwenye mawe.

#20 Mpiga_Kamba
Ongeza hili la kamba. Kuna mtindo wa uvivu: badala ya kubembeza kengele, mtu anafunga kamba kwenye ulimi na kuuvuta ugonge upande mmoja. Kelele inatoka vizuri tu. Hatari yake iko kwenye mkono: ulimi ukishagonga unatakiwa urudi upesi, sasa wewe unaubana ukutani. Kengele inazuiwa kutetemeka ndani ya pigo lenyewe, na hapo ndipo ufa unapozaliwa.

Na kamba ya katani ikilowa inafupika. Ukiifunga imekaza mwezi wa kiangazi, masika ikinyesha inavuta ulimi mpaka unalala juu ya mdomo. Asubuhi mpiga kengele anavuta, inatoka "ko!" kama sufuria, watu wanadhani imepasuka. Acha ulegevu wa kiganja kizima.

#21 Sauti_ya_Nyikani
Kutu ya kengele ya chuma je? Watu wanaipaka rangi ya fedha mpaka ndani.

#22 Bolti_Nati
Brashi ya waya kwa mkono, ondoa magamba yaliyolegea tu, usiyapige kwa nyundo. Rangi ya kuzuia kutu mkono mmoja, halafu rangi nyembamba. Pale panapogongwa paache wazi. Rangi nene tabaka juu ya tabaka hubana sauti. Na kabla ya kupaka someni maandishi, maana yakishazibwa na rangi ndiyo basi.

#23 Msomi_wa_Kale
Maandishi yakiwa yameliwa na kutu, weka karatasi nyembamba juu yake, sugua kwa mkaa uliolala ubavu. Herufi zitajitokeza. Kwa Kijerumani utakutana mara nyingi na "O Land, Land, Land, höre des Herrn Wort". Ni Yeremia 22:29: "Ee nchi, nchi, nchi, lisikie neno la BWANA." Kengele za Ujerumani wanalipenda andiko hilo, kwa hiyo lisikufanye uamini liliandikwa mahususi kwa ajili ya kijiji chako.

#24 Pedali
Samahani kwa kuuteka uzi. Mmeongea kengele kana kwamba ndiyo mali pekee. Ndani ya makanisa hayohayo kuna vinanda vya kupuliza kwa miguu vinavyooza kwenye kona nyuma ya mimbari, vimefunikwa shuka na kuwekewa maua ya plastiki.

Viko vya aina mbili: kinachosukuma hewa na kinachonyonya hewa. Vya Marekani vingi hunyonya. Jueni kipi mnacho kabla ya kufungua, kwa sababu pengo la hewa linatafutwa tofauti.

Hakitoi sauti kabisa? Mara tisa kati ya kumi ni mvukuto: kitambaa chake cha mpira kimekatika mikunjoni, au panya ametoboa. Badilisha kwa kitambaa kilichopakwa mpira, chembamba kinachokunjika, si turubai. Gundi itumike ya ngozi inayopashwa moto, ili atakayekuja baada yako aweze kuibandua kwa maji ya moto. Gundi ya viatu ikishaingia, safari ijayo utapasua mbao.

Noti moja inalia yenyewe bila kubonyezwa? Kuna taka chini ya kizibo chake au nondo wamekula sufu. Noti moja bubu? Vumbi limebana ulimi wa shaba, kile kibamba kinachotetemeka na kutoa sauti. Uvute kwa kijiti chenye ndoano kwenye mfereji wake, upige brashi laini, urudishe. Usioshe kwa siki! Kupanda kwa noti, kwaruza kidogo sana ncha ya ulimi. Kuishusha, kwaruza karibu na shina. Mkwaruzo mmoja, sikiliza, mwingine. Ukizidisha harudi mtu.

#25 Ng'ombe_wa_Maskini
Pedali umetoa darasa. Na ile kibodi ya umeme iliyowekwa juu ya kinanda cha zamani kama meza, ni dhambi ya mauti au ya kawaida?

#26 Pedali
Waprotestanti hatugawi dhambi hivyo 😄 lakini nimefikiria kuanza.

#27 MlokoleMtulivu
Tukiwa humo ndani: mbona Walutheri wana msalaba wenye sanamu ya Yesu juu ya madhabahu na mishumaa miwili, halafu mnasema ni Waprotestanti?

#28 Msomi_wa_Kale
Kwa sababu Luther hakuviondoa. Waliotoa vyote ni upande wa Zwingli na Calvin. Hata Waanglikana wa kwetu ni dunia mbili: walikofanya kazi UMCA (misheni nyingine ya Kianglikana kutoka Uingereza), kama Magila na Masasi, ni madhabahu, uvumba na mavazi. Walikofanya kazi CMS, kama Mpwapwa na Dodoma, ni meza ya mbao na mimbari. Dayosisi ya Central Tanganyika ilipoanzishwa 1927 chini ya Askofu Chambers kutoka Australia, ikaendelea na mkondo huo. Ukitaka kujua kanisa la kijiji limetoka mkono gani, usitazame kibao cha nje, tazama meza: ya mawe iliyoshikana na ukuta, au ya mbao yenye miguu minne?

#29 BintiWaRungwe
Na Moravian asili yetu si madhabahu, ni meza ya Bwana ndani ya ukumbi. Wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, ndiyo maana ya ile milango miwili ambayo mleta uzi ameitaja bila kuuliza. Makaburi nayo mawe yalilazwa sawasawa, mkubwa na mdogo. Alfajiri ya Pasaka watu huenda makaburini na tarumbeta, desturi iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, kwa Wamoravian wa mwanzo, mwaka 1732. Kwa alfajiri ile ni tarumbeta zinazowaamsha watu. Pengine ndiyo maana kengele haikuhitaji jumba la kifahari.

#30 FundiPatasi
Milango miwili ni ya kutokea haraka na ya hewa, dada. Makanisa ya Kilutheri nayo yanayo.

#31 BintiWaRungwe
Na Walutheri nao walitenga wanaume na wanawake, kaka.

#32 Mpapasi
Mabenchi msiyasahau. Yale ya kupasuliwa kwa msumeno wa shimoni, ya mkulo, podo au mvule, yana alama za meno ya msumeno chini ya kiti, mistari ya mshazari isiyolingana. Mistari ya duara ni msumeno wa mashine, hilo ni la baadaye. Ya zamani hayana egemeo. Kiti kina urefu wa sentimita 42 hadi 45 kutoka sakafuni, upana 25 tu. Ukitengeneza mapya toa upana 38, egemeo lilale kidogo nyuma, na kati ya benchi na benchi sentimita 85 hadi 90 ili anayepiga magoti asigonge. Kila mtu mpe sentimita 50, benchi la mita 3 ni watu sita, siyo tisa kama mnavyobanana Krismasi.

Mchwa huingilia mguu. Sogeza benchi sentimita kumi kutoka ukutani, chini ya kila mguu weka kigae. Oili chafu ipakwe kwenye kisigino cha mguu tu, la sivyo nguo nyeupe za kwaya zitawasimulia.

#33 Shemasi_wa_Zamu
Kwa jirani wa benchi: vyombo vya chakula cha Bwana. Kikombe cha zamani mara nyingi ni shaba iliyopakwa fedha, ndani dhahabu nyembamba. Kusugua kwa majivu au steelwuli kunaondoa yote, ukiona wekundu umeshafika kwenye shaba. Maji ya uvuguvugu, sabuni, kitambaa laini, kaushwe palepale. Divai isilale ndani mpaka Jumatatu.

#34 Kizingiti (mleta uzi)
Nashukuruni sana. Lakini turudi nje. Hadi sasa nina ukuta, misheni, nyasi, chuma, tetemeko na sauti. Kuna njia ya kuthibitisha kwa kanisa moja moja?

#35 Msomi_wa_Kale
Picha za zamani. Nyaraka za Moravian ziko Herrnhut, za Waberlin ziko Berlin, za Leipzig zimehifadhiwa Halle kwenye taasisi ya Francke, za CMS ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, za UMCA ziko Oxford. Huhitaji kusafiri: Chuo Kikuu cha Southern California kina hifadhi ya picha za misheni mtandaoni, Leipzig na Herrnhut zimo. Tafuta kwa tahajia ya Kijerumani, "Madschame" na siyo Machame. Ukiona picha ya kibanda cha nyasi na kengele pembeni, Mzee #3 ameshinda. Ukiona kanisa la mawe bila kengele, ameshindwa.

#36 MzeeWaUsharika
Mpiga picha alichagua pembe yake. Kutoonekana si kutokuwepo.

#37 Chokaa
Chimbeni basi. Nguzo ya zamani ikioza inaacha shimo lililojaa udongo wa rangi nyingine, laini, mweusi kidogo. Kwangua nyasi kuzunguka nguzo za sasa, sentimita 15 tu, mwagia maji, subiri yakauke. Mashimo ya kale yatajionyesha kwa madoa. Kama yako palepale, kengele haikuhama. Kama yako mahali pengine, ilihamishwa.

#38 Mpapasi
Nguzo za mti zikiliwa na mchwa hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na kila fundi huchimba shimo jipya pembeni ya la zamani kwa sababu udongo wa zamani haushiki. Utapata madoa kumi na mawili na usijue lipi ni la kwanza.

#39 FundiPatasi
Hata hivyo yatakuwa yote nje ya ukuta 😄

#40 Sauti_ya_Nyikani
Na yote upande wa bonde. Hesabuni tu.